Kabla ya Kuilaumu Bunduki

Ndugu msomaji, katika tabia zinazotuharibia kazi zetu na nyumba zetu, iko moja ambayo twaiona ndogo, nayo ni kukilaumu chombo. Mpishi ambaye wali wake umeshikana hulaumu sufuria. Mwanafunzi aliyeanguka mtihani hulaumu kalamu na mwalimu. Nahodha aliyepandisha jahazi mwambani hulaumu mkondo. Wazee wetu waliijua tabia hii tangu zamani wakasema, mchagua jembe si mkulima. Lakini wazee hao hao hawakusema kwamba jembe butu hulima sawa na jembe kali. Chombo kina haki yake, na mwenye chombo ana wajibu wake, na taabu yote iko katika kuujua mpaka baina ya hayo mawili. Mimi mpaka huo nimeuona wazi mahali ambapo huenda wengi wenu hamkupatazamia: kwenye bunduki ya upepo.

Najua kwamba neno bunduki likitajwa nyumbani, mama hushtuka, na ana haki ya kushtuka. Bunduki ya upepo tunayoijua sisi watu wa pwani ni ile inayovunjwa katikati ili kuishindilia springi, ambayo vijana waliichukua kwenda kuwapigia tetere mashambani. Hiyo siyo ninayoisema hapa. Dini yetu imetukataza kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha ya mchezo, kama ilivyotukataza kumwelekezea mwenzetu silaha hata kwa mzaha. Ninayoisema ni bunduki ya mashindano, inayopiga karatasi tu, mita 10 kutoka pale aliposimama mpigaji, ndani ya ukumbi, bila baruti na bila mshindo mkubwa. Kulenga shabaha kwenyewe si jambo geni kwetu. Mtume wetu (S.A.W.) aliwahimiza masahaba wajifunze kupiga mishale, na Uqba bin Amir (R.A.), sahaba aliyepata kuwa liwali wa Misri, hakuyaacha mazoezi ya mishale hata uzeeni.

Mimi ni fundi saa. Nilizaliwa Mombasa, nikafunzwa kazi hiyo na marehemu baba yangu katika duka dogo la Mji wa Kale, kisha riziki ikanichukua hadi kusini ya Ujerumani, ambako nimefanya kazi miaka mingi katika karakana ya vyombo vya kupimia. Mchezo huu huko una mizizi. Vijiji vingi vina kilabu cha kulenga shabaha, na baadhi ya vilabu hivyo umri wake ni karne kadhaa. Katika mji wa Oberndorf, kando ya mto Neckar, ndiko zitokako bunduki za Feinwerkbau. Katika mji wa Ulm ndiko kwa Walther na Anschütz. Na makao ya shirikisho la dunia la mchezo huu yako Munich. Siku moja jirani aliniletea tundu la kulengea lililolegea, akijua kwamba mimi ni mtu wa vitu vidogo vidogo. Nilimtengenezea, akanikaribisha kilabuni, na tangu hapo nikawa mwanachama. Wao mchezo ukimalizika hunywa bia yao, nami hunywa chai yangu, na hakuna aliyepata kunikera kwa hilo.

Kilichonivuta hasa si kupiga, bali ni historia ya chombo chenyewe. Bunduki za zamani zilikuwa za springi. Springi nzito inapofunguka huitikisa bunduki kabla kidonge hakijatoka kwenye mtutu, basi mpigaji aliyekosa alikuwa na udhuru wa kweli. Mafundi wa Kijerumani wakaweka mtutu na mtambo wake juu ya reli ndogo, ili ule mrusho uende nyuma bila kuutikisa mti wa bunduki ulioshikwa begani. Mchezo huu ulipoingia katika Olimpiki mwaka 1984, huko Los Angeles, tayari kulikuwa na bunduki za kushindilia hewa kwa mkono mara moja, zisizokuwa na springi ya kuruka. Baadaye zikaja za gesi ya kaboni, lakini gesi hiyo nguvu yake hupanda na kushuka kwa joto na baridi, nazo zikaachwa. Leo bunduki ya mashindano ina mtungi wa hewa safi iliyoshindiliwa hadi baa 200, yaani karibu mara mia ya upepo wa gurudumu la gari. Kila kizazi cha mafundi kiliondoa udhuru mmoja, hata ikawa mpigaji wa leo amebakiwa na nyudhuru chache sana.

Ili ufahamu yanayofuata, sharti nikueleze vipimo. Kidonge cha risasi kina upana wa milimita 4.5, kichwa chake ni bapa, na uzito wake ni kama nusu gramu. Huenda mwendo wa mita 170 hivi kwa sekunde, maana yake hufika kwenye karatasi kwa karibu sehemu 6 katika 100 za sekunde. Duara la kumi, lile la katikati kabisa, ni nukta ya nusu milimita. Tundu la kidonge ni pana kuliko nukta hiyo mara tisa, na ukingo wa tundu ukiigusa nukta, umepata kumi. Siku hizi kumi yenyewe nayo imegawanywa, kuanzia 10.0 hadi 10.9, na kila sehemu ya kumi ni robo ya milimita. Mpigaji hupiga risasi 60 kwa dakika 75. Akipata 10.9 zote atakuwa na 654, jambo ambalo hakuna binadamu aliyelifanya. Walio wakuu wa mchezo huu duniani hupita 630.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niishike kalamu. Binti wa dada yangu alikuja Ujerumani kusoma, akakaa nyumbani kwetu. Alikuwa na umri wa miaka 20, msichana mtulivu, mwenye haya na bidii. Alinifuata kilabuni siku moja, akapenda, akaanza kupiga. Mwaka wa pili akanunua bunduki iliyotumika kutoka kwa mwanachama mmoja mzee, kwa fedha alizopata kwa kufanya kazi siku za likizo. Akapanda vizuri mpaka 591, kisha akasimama. Miezi mitano mizima hakusogea. Akienda 593 leo, kesho ni 588. Akaingia duka moja kununua vidonge, na mwuzaji akamwambia kwamba kwa bunduki ile kuukuu hatafika popote, ila anunue mpya. Na bunduki mpya ya mashindano ni ghali sana.

Jioni ile dada yangu alinipigia simu kutoka Mombasa.

"Ndugu yangu," akaniambia, "mtoto amelia kwenye simu. Sitaki aaibike mbele ya watu kwa sababu ya kitu. Zile bangili zangu nne za arusi zingaliko. Nitaziuza, na wewe ndiwe utakayemchagulia hiyo bunduki, maana wewe ndiwe ujuaye."

Ndugu msomaji, wanaozijua bangili za arusi za mama wa pwani wanajua maana ya maneno hayo. Hiyo ndiyo akiba yake mwanamke mjane, ndiyo dawa yake akiugua. Na mimi nimewekwa kati: nikisema ndiyo, dhahabu itauzwa, nikisema hapana, huenda nikawa nimemzuilia mtoto wa watu haki yake. Neno lolote ambalo ningelisema bila ya kupima lingekuwa khiyana. Nikamwambia, "Dada, nipe siku kumi. Usiuze hata pete."

Ndipo nikaichukua ile bunduki kwenda nayo karakanani. Lililo la kwanza kwa fundi ni kumwondoa mtu na kukiacha chombo peke yake. Niliufunga mtambo wa bunduki katika jiliwa zito, nikaweka ngozi pande zote mbili ili jiliwa lisiubane mtutu wala lisiuache ukacheza. Nikapiga vidonge 10 katika karatasi moja, vya kopo lile lile alilokuwa akilitumia. Nikapima tundu lililotokea: upana wake milimita 9 kutoka ukingo hadi ukingo.

Kisha nikabadili vidonge. Watu wengi hawajui kwamba vidonge vya kampuni moja, vya umbo moja, hutofautiana vichwa kwa sehemu moja katika 100 za milimita, kuanzia kama 4.48 hadi 4.52, na kila mtutu una kipimo unachokipenda. Hakuna hesabu ya kukuambia ni kipi. Sharti ujaribu. Nilijaribu aina sita, kila aina vidonge 10 mara tatu, nikiandika katika daftari kama nilivyofunzwa na baba kuandika mwendo wa saa asubuhi na jioni. Aina ya nne ikatoa tundu moja safi, la duara, lenye upana wa milimita 6.3.

Hesabu hii ni nyepesi, basi nifuate. Ondoa upana wa kidonge, 4.5, katika 6.3; yabaki 1.8. Maana yake hakuna kidonge kilichokwenda mbali na katikati zaidi ya 0.9 ya milimita. Kidonge kilichoko hapo hakikosi 10.6. Kwa risasi 60, bunduki ile kuukuu, ikiwa imelengwa sawasawa, ingepata si chini ya 636. Na hata kwa vile vidonge vyake vya mwanzo, ambavyo havikuufaa mtutu, isingeshuka chini ya 606. Msichana alikuwa akipata 591.

Nikatazama mengine. Mtungi wa hewa una tarehe yake, na ukitimiza miaka 10 tangu ulipotengenezwa hauruhusiwi tena, kwa sababu za usalama. Wake ulikuwa umebakiwa na miezi. Huo ulikuwa sharti ununuliwe mpya, na bei yake haikufika sehemu ya kumi ya bei ya bunduki. Mpira mmoja wa duara ulikuwa umekauka na kuvujisha hewa kidogo kidogo, nikauweka mwingine. Hapa nitoe onyo kwa vijana wenye mikono myepesi: usitie mafuta ya mashine wala grisi ya kawaida mahali penye hewa ya nguvu namna hiyo, kwani mafuta na hewa iliyoshindiliwa huweza kulipuka. Na aliyeshika vidonge vya risasi asile kitu kabla ya kunawa kwa sabuni, maana risasi ni sumu ya polepole.

Siku ya saba nikampigia dada. Nikamwambia, "Dada, bangili zako zibaki mkononi mwako. Chombo ni kizima. Kinataka mtungi, na mimi nitaununua." Akanyamaza kidogo, akauliza, "Basi kosa ni la nani?" Nikamwambia, "Kosa bado halijapatikana. Lakini katika mtutu halimo."

Kumwambia mama ni jambo jepesi. Kumwambia binti lilikuwa zito, kwa sababu alikuwa amekwisha kuipenda ile sababu. Mtu akipata sababu ya kushindwa kwake ambayo haimgusi yeye, huishika kama mgonjwa ashikavyo mto. Nilimwekea zile karatasi mezani, pamoja na daftari, nikamwacha asome mwenyewe. Siku mbili hakusema nami ila salamu na karibu chakula. Mke wangu akaniuliza kama nilikuwa na haja ya kumvunja mtoto moyo. Siku ya tatu, baada ya sala ya Alasiri, alikuja na daftari mkononi. "Mjomba," akaniambia, "ikiwa bunduki yenyewe yapata 636, hizi 45 nazipoteza wapi?"

Nikamjibu, "Mwanangu, hilo ndilo swali la fundi. Njoo tulitafute pamoja."

Na hapa ndipo ilipoanza kazi ambayo wengi huidharau, yaani kuifanya bunduki imfae mwenyewe. Mtutu kuwa mzuri hakutoshi. Kanzu iliyoshonwa kwa kitambaa bora, ikiwa ya mtu mwingine, itakubana kwapani. Yule mzee aliyeiuza bunduki alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na vifaa vyote vilikuwa vimefungwa kwa mwili wake. Binti alikuwa amejipinda kuifuata bunduki, badala ya bunduki kumfuata yeye.

Tulianzia kwenye kitako, kile kipande kilichopinda kinachokaa begani. Tukakipandisha na kukifupisha mpaka kichwa chake kikasimama wima, kwani shingo iliyoinama huchosha macho na kuharibu mizani ya mwili. Kisha tukaja kwenye kipande cha shavu. Shavu likilazwa juu yake kwa uzito wake tu, bila kusukumwa, jicho sharti liangukie katikati ya tundu la kulengea. Kisha tukaongeza kimo cha kile kibao kinachokaa juu ya mkono wa kushoto. Mpigaji wa mchezo huu hasimami kwa nguvu za misuli, maana msuli hutetemeka. Husimama kwa mifupa. Kiwiko cha kushoto hukaa juu ya mfupa wa nyonga, na uzito wote hushuka kwa mguu hadi ardhini kama nguzo ya nyumba. Mwisho tukasogeza vile vyuma vidogo vya mizani mpaka uzito ukakaa karibu na mkono wa kushoto, na jumla ya uzito haikupita kilo 5 na nusu, ambazo ndizo sheria inazoruhusu.

Kazi hii haiishi mara moja, kwa sababu mwili nao haukai mmoja. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012 yuko bibi Nur Suryani Mohd Taibi wa Malaysia, aliyesimama kushindana katika mchezo huu huu akiwa na mimba ya miezi minane. Hakufika fainali, lakini nilipolisikia jambo lake niliwaza kama fundi: mwanamke yule mizani ya mwili wake haikuwa ile ya mwaka uliotangulia, na bado aliweza kusimama akailenga ile nukta ya nusu milimita mbele ya walimwengu.

Baadaye tukaishika triga, yaani kile kidude kinachovutwa kwa kidole. Ina hatua mbili: ya kwanza ni nyepesi, kidole kinakwenda mpaka kikute ukuta; ya pili ni ule ukuta wenyewe kuvunjika. Yake ilikuwa haina ukuta wa kueleweka, basi hakujua ni wakati gani risasi itatoka, akawa anaikamata ghafla kwa hofu. Kwa skurubu mbili ndogo tuliupata ukuta safi, na uzito wote wa kuvuta ukawa kama gramu 80, yaani kupita yai la kuku kidogo. Kijana mwenye pupa angetaka gramu 20. Lakini triga nyepesi kupita kiasi huweza kufyatuka kwa kutikiswa tu. Kwa hiyo, baada ya kuirekebisha, tuliikoki bila kidonge, mdomo wa mtutu ukielekea mahali pa salama, tukaigonga kitakoni kwa kiganja mara kadhaa. Haikufyatuka. Wepesi usiokuwa na amani si wepesi.

La mwisho lilikuwa kulenga kwenyewe, na hapa ndipo zilipopatikana nyingi katika zile alama 45. Mchezo huu hauna darubini. Nyuma kuna tundu dogo, mbele kuna pete, na mpigaji huliweka lile duara jeusi katikati ya pete. Nikambadilishia pete, maana yake ilikuwa imelibana duara jeusi mno, na jicho likisumbuliwa na wembamba wa mwanga huanza kubahatisha. Kisha nikamfundisha jaribio ambalo nami nilifundishwa kilabuni. Simama, weka bunduki begani, lenga. Sasa funga macho. Vuta pumzi mbili, uache mwili utulie unavyotaka wenyewe. Fumbua macho, uangalie pete imekwenda wapi.

Alipofumbua macho, pete ilikuwa imekwenda kushoto ya karatasi, mbali na duara jeusi. Akarudia, ikaenda kushoto tena. Kwa muda wa mwaka na zaidi, mwili wake ulikuwa ukielekea kushoto, naye kwa kila risasi alikuwa akiuvuta kulia kwa nguvu za mikono. Risasi za mwanzo nguvu zilikuwapo. Ilipofika ya 30 au ya 40, mikono imechoka, na mwili ukaenda kule ulikotaka tangu mwanzo. Tulilitazama daftari lake, na makosa yake mengi kweli yalikuwa ya nusu ya pili. Dawa yake haikuwa kuisukuma bunduki, ilikuwa kuisogeza miguu. Akausogeza mguu wa nyuma kwa kiasi cha vidole viwili. Akafunga macho, akafumbua. Pete ilikuwa juu ya duara jeusi.

Akageuka akanitazama, asiseme kitu.

Ndugu zangu, mimi jaribio hilo nimelifikiri mara nyingi. Mtu anaweza kuyavuta maisha yake upande wa kulia mbele za watu, kwa nguvu, mchana kutwa, hali ya kuwa moyo wake umesimama kushoto. Ataonekana sawa kwa muda. Lakini siku atakapochoka, ataangukia pale miguu yake ilipoelekea. Nasi tumefunzwa tangu utotoni kwamba matendo yanakwenda na nia. Basi mara kwa mara ni vyema mtu afunge macho, peke yake, hapana anayemtazama, aone anaelekea wapi. Akijikuta kando, asogeze miguu.

Sisemi kwamba chombo hakiwezi kuharibika kweli. Abhinav Bindra wa Bara Hindi alipata dhahabu ya mchezo huu Beijing, tarehe 11 Agosti 2008, ikawa ndiyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kupatwa na Mhindi katika mchezo wa mtu peke yake. Kabla ya risasi ya mwisho alikuwa amelingana alama na Henri Häkkinen wa Finland. Bindra akapiga 10.8, Häkkinen akapiga 9.7 na kuteremka hadi shaba. Bindra huyo huyo, katika Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, kilengeo cha bunduki yake kilivunjika kabla ya mashindano. Huo ulikuwa udhuru wa haki, na nani angemlaumu kama angeurudi mlango? Aliingia kushindana siku ile ile, akafika fainali, akawa wa nne. Hapo naona tofauti baina ya sababu na kisingizio: sababu huitengeneza ukaendelea, kisingizio hukaa nacho.

Binti yetu hakuwa bingwa, wala sikuahidi kwamba atakuwa. Alifanya mazoezi majira yote ya baridi, nusu yake bila risasi, akifyatua tupu mbele ya ukuta mweupe, na kila jioni akafunga macho na kufumbua. Katika mashindano ya wilaya, wakati theluji ilipoanza kuyeyuka, alipata 611, akawa wa tisa kati ya wapigaji 26. Bunduki ilikuwa ile ile. Risasi yake ya 47 ilikuwa mbaya, 8.9. Nilipomwuliza baadaye, nilitazamia kusikia habari za mwanga au za jirani aliyekohoa. Akasema, "Niliharakisha, Mjomba. Nilikwisha ona kwamba pete haijatulia, nikavuta." Nilifurahi kwa jibu hilo kuliko kwa ile 611. Na mama yake alizivaa bangili zake nne katika arusi ya kijana wetu mmoja huko Mombasa.

Basi ninyi wazazi mnaosoma haya, mkiletewa shauri kama hili nyumbani, liwe la bunduki au la cherehani, la kompyuta au la mashua, msikimbilie kuuza wala msikimbilie kukataa. Kwanza chombo kipimwe peke yake, na mtu aliye mwaminifu asiyefaidika kwa kuuza. Pili kifanywe kimfae anayekitumia, maana kumpa mtoto kitu kizuri kisichokuwa kadiri yake ni kumtesa. Yakiisha hayo mawili, kilichobaki ni cha mwenyewe, na msimwondolee. Mkimnunulia kipya kila anapokosa, mtamfundisha kwamba makosa yake yana bei na kwamba mlipaji ni mwingine. Na kama ni bunduki, hata ya upepo, hapana budi kwanza kuuliza polisi sheria ya nchi yenu inasema nini, na isiachwe kamwe mikononi mwa mtoto pasipo mtu mzima.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuona kasoro za vyombo vyetu tuzitengeneze, na ujasiri wa kuona zetu tusizifiche nyuma ya vyombo. Amin.